Viporo vya ushonaji vimenizidi: nianze na kipi?

Mshonaji_Ipagala
Habari zenu wadau. Nina viporo vinne: sketi ya mwamvuli ya kitenge (bado upindo), shati la kitenge (bado kola na vifungo), gauni la satini (bado zipu) na vitambaa vya meza vya kudarizi. Kwaya nayo inataka mashati 8 ya sare kabla ya Pasaka, na mazoezi ni jioni tatu kwa wiki. Mnapangaje?

FundiNkuhungu
Dada, usipange kwa nguo, panga kwa hatua. Muda unaliwa na kubadilisha uzi, sindano na kusubiri pasi ipate moto.

Siku ya gamu (kitambaa chenye gundi cha kukazia kola), bandika kola zote tisa kwa mkupuo. Kandamiza kwa pasi sekunde 10 hadi 15, usisugue. Ukisugua inahama, na ukiikunja kabla haijapoa itaachia. Nguo ikifuliwa kola inafanya malengelenge. Siku ya mashine, maliza kitenge chote kwa sindano namba 14.

Satini ipe siku yake, sindano mpya namba 11, maana iliyo butu inavuta nyuzi. Zipu ikitoka na mawimbi, kitambaa kilivutika chini ya mguu wa mashine. Bandika ukanda wa gamu laini wa sm 2.5 kila upande, piga bandi (mishono mirefu ya muda ya mkono) ndani ya mshono tu (satini haisahau tundu), toa pini, ndipo ushone.

Kitambaa cha sare kifue kabla ya kukata. Usikate tabaka nane pamoja kwa mkasi, za chini zinateleza na mikono haitalingana. Mbili mbili inatosha.

BibiBandi
Kazi za mkono nenda nazo mazoezini: vifungo, kudarizi, upindo. Uzi usizidi sm 50, ukizidi unajisokota na kufunga mafundo.

Ila mwanangu, sketi hiyo usiipinde leo. Itundike kwanza saa 24, kwa sababu sehemu zilizokaa mshazari hurefuka. Kisha ivae, mtu akupimie kutoka sakafuni kuzunguka. Upindo uwe sm 1. Mpana kwenye duara unafanya mikunjo.

Darizi itoe kwenye fremu kila ukiacha kazi. Ikikaa wiki nzima, kwa vumbi letu la kiangazi, duara linabaki kitambaani na halitoki kirahisi.

Uzi_na_Sindano
Nakubaliana na fundi, isipokuwa mpangilio wa siku. Shati likishatiwa kola, limalize kabisa, liondoke mezani. Kiporo kinachosubiri vifungo tu ndicho hukaa mwaka.

Kila kiporo kiwe na mfuko wake: uzi wake, vifungo, vipimo na karatasi inayotaja hatua inayofuata. Pini zisilale humo, zinaacha kutu. Alama za chaki zifuatishie bandi, chaki inafutika. Na sare ziachie sm 2.5 za akiba ubavuni, wanakwaya hawakai na kipimo kimoja hadi Pasaka.