Kwanini mabaharia wa Ahab hawakumkatalia?

MtuWaWete:
Asalam alaykum jamani. Nimemaliza Moby-Dick ya Herman Melville, ile ya 1851, ya nahodha Ahab alokatwa mguu na nyangumi mweupe akaapa kumsaka bahari zote mpaka amuue. Kitabu kizito, sura 135, kuna pahala anaiacha hadithi anaeleza nyangumi tu mpaka unachoka, ila mwisho wake sikuweza kukiweka chini. Linalonikera ni wale mabaharia. Sie tumekulia pwani, nahodha akisema tweka tanga unatweka, lakini akitaka kuwazamisha kwa hasira zake mwenyewe si watu watamwambia? Mbona wale walimfuata wakafa wote kasoro Ishmael, yule baharia anaetusimulia?

Kijana_Malindi:
Waalaykum salaam. Kwanza hawakuambiwa. Nantucket, kile kisiwa cha Marekani walikoondokea, waliajiriwa kwenda kutafuta mafuta ya nyangumi, na malipo yao yalikuwa kwa fungu kama wavuvi wetu, Ishmael kapewa fungu moja katika 300, yani ukirudi na mapipa matupu huna kitu. Ahab siku za mwanzo hata juu hakuonekana, nchi kavu iko mbali ndo akawaita wote, akapigilia sarafu ya dhahabu ya dola 16 kwenye mlingoti, atakaemuona wa mwanzo yule mweupe ni yake, kisha pombe ikazungushwa na wapiga chusa wakanyweshwa kwa vyuma vya vyusa vyao. Wakaapa pale pale. Mtu keshaapa mbele ya wenzake, nani ataanza kurudi nyuma?

BintShangani:
Mie nawatetea kidogo, mana Starbuck alikataa. Yeye ndo msaidizi mkuu wa nahodha, alimwambia Ahab usoni kuwa kaja kuvua sio kulipiza kisasi, na huyo ni mnyama tu hana akili ya kukuwekea uadui. Baadae mapipa yanavuja, Starbuck anaomba wasimame wayatoe, Ahab akamuelekezea bunduki. Sasa someni sura ya 123, usiku Ahab kalala, Starbuck kaishika bunduki ile ile, anajua akimuacha huyu mzee atawaua wote, anamfikiria mkewe na mwanawe, mkono unamtetemeka… akairudisha pahala pake. Nalia kila nikifika hapo. Kumuua mtu usingizini si jambo dogo kwa mtu mcha Mungu.

MzeeWaNungwi:
Wanangu mmesema vizuri lakini hamjaitaja meli ya Rachel, na kwangu mimi hukumu ya Ahab iko hapo. Nahodha wa Rachel kapotelewa na mashua yenye mwanawe wa miaka 12, akamuomba Ahab wasaidiane kutafuta kwa saa 48 tu, na atalipa. Wanatoka mji mmoja, wanajuana, akamkumbusha na wewe una mtoto. Ahab kakataa, anasema anapoteza wakati. Nimekaa baharini umri wangu wote, mtu akipotea hata kama mmegombana jana unaacha nyavu zako unakwenda kumtafuta, hilo halina mjadala. Mabaharia walisikia yote yale na bado wakakaa kimya, hapo ndo nawalaumu, sio kwenye kile kiapo.
Na hizo meli za Wamarekani za kuvua nyangumi zilikuwa zikitia nanga hapa Unguja karne hiyo hiyo, kwa hiyo watu wa namna ile babu zetu wamewaona kwa macho.

MtuWaWete:
Shikamoo mzee wangu. Sura ya Rachel niliipita mbio nikitaka kumfikia nyangumi, nairudia leo. Na kumbe ndo Rachel hiyo hiyo ilomuokota Ishmael juu ya lile jeneza lilogeuzwa boya, ikizunguka kutafuta watoto wake walopotea!

Kijana_Malindi:
Ndo hiyo hiyo. Ila dada wa Shangani samahani, mimi bado nasema Starbuck angefyatua. Roho za meli nzima zilikuwa mkononi mwake.

BintShangani:
Halafu arudi Nantucket awaambie nini? Ahab alikuwa hajaua mtu bado.