Bunduki ya .22 kwa dola 400: Ruger 10/22, Savage Mark II, Marlin 60 au Henry?

Mlengaji_Ohio

Wadau, habari za jioni. Bajeti ni dola 400, na humo iingie bunduki, darubini na risasi 500 za kuanzia. Kazi ni mbili: kutungua makopo kwa yadi 25 hadi 50, na kuwinda kindi na sungura msimu ukifunguliwa. Waliobaki kwenye orodha ni Ruger 10/22, Savage Mark II, Marlin 60 iliyotumika na Henry H001. CZ 457 naijua ni nzuri, ila pesa yangu haifiki. Naomba ulinganisho wenye sababu, siyo "chukua Ruger utanishukuru".

Fundi_Mitutu

Mkuu, kazi zako mbili zinavutana. Kopo la soda lina upana wa sentimita 6 na nusu. Kichwa cha kindi, pale unapotaka risasi iingie, ni kama sentimita 3. Bunduki inayotawanya risasi tano ndani ya sentimita 5 kwa yadi 50 itakufurahisha siku nzima kwenye makopo, lakini msituni itakuachia kindi aliyejeruhiwa juu ya mti. Hesabu ianzie hapo, jina la kampuni lifuate.

10/22 ipo tangu 1964. Inajijaza yenyewe, na magazini yake ya risasi 10 ni ya kuzunguka ndani, haitokezi chini ya kitako, hivyo bunduki inabebeka vizuri ikining'inia mkononi. Uzito ni kilo 2.3 hivi. Udhaifu wake: kifyatulio cha kiwandani ni kizito, pauni 5 hadi 6, karibu sawa na uzito wa bunduki yenyewe. Kidole kikivuta, mtutu unayumba. Kifyatulio chepesi cha BX, cha Ruger wenyewe, kinapunguza hadi pauni 3 au chini yake, lakini bei yake itakula pesa ya darubini. Kingine, boksi la bolti (chuma kinachoziba nyuma ya risasi) limefungwa nyuma, kwa hiyo ile ya kawaida inasafishwa kutokea mdomoni. Fimbo ya chuma ikisugua mdomo wa mtutu kila wiki, shabaha inaharibika. Tumia kamba ya kuvuta, uiingize upande wa chemba, pale risasi inapokaa.

Mark II ni ya bolti ya mkono. Kifyatulio cha AccuTrigger unakirekebisha mwenyewe, na mtutu wa kawaida kutoka kiwandani mara nyingi unaweka risasi tano ndani ya sentimita 2.5 kwa yadi 50 ukiupa risasi unayoipenda. Ubaya uko sehemu mbili. Magazini yake ni ya bati, na midomo ya juu ikipinda kidogo tu, risasi inapanda pua juu na kugonga ukingo wa chemba. Halafu kitako cha plastiki kinanepa: ukiegemeza mbele kwenye mfuko wa mchanga kinagusa mtutu, na risasi zinahamia upande. Pitisha noti ya dola kati ya mtutu na kitako. Ikikwama, sugua plastiki kwa msasa mpaka ipite huru.

Kwa kuwinda, Mark II. Kwa makopo, 10/22. Kwa dola 400 na kazi zote mbili, bado Mark II.

MakopoTu

Fundi, hapo umeibana 10/22 kupita kiasi. Watu wengi wanaipiga na risasi za ndoo zile za bei ya chini kabisa, halafu wanalaumu mtutu. Ipe CCI Standard Velocity na mpigaji aliyetulia, makundi yanajikusanya. Na spea? Hakuna .22 yoyote hapa Marekani yenye spea nyingi kuliko hii: mtutu umeshikwa na skrubu mbili tu na kipande cha umbo la V, unaubadilisha mezani nyumbani. Unanunua leo, mwakani unaongeza kifyatulio, mwaka unaofuata mtutu. Mark II ukiinunua umeinunua.

Nikubali moja: ile ya kawaida bolti haibaki wazi risasi ikiisha. Unafyatua, unasikia "ka!", ndipo unajua.

Fundi_Mitutu

Ndiyo maana nilisema kwa dola 400. Mpango wako wa miaka mitatu unafika dola 700.

BintiSeyyid_Houston

Mnabishana bunduki, wakati nusu ya jibu iko kwenye boksi la risasi. Naongeza hapo.

Risasi hizi za ukingo hazina kiwashio cha katikati. Dawa ya kuwashia inasambazwa kwa kuzungushwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini inaubonyeza ukingo huo. Sehemu ikikosa dawa, risasi hailipuki. Ikitokea, usifungue bolti mara moja: mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe. Kama ina alama nzuri ya pini, izungushe nusu mzunguko uirudishe, mara nyingi inalipuka. Lakini ukisikia mlio hafifu, "pup", simama kabisa. Toa risasi zote, fungua bolti, chungulia mtutu. Huenda risasi imekwama ndani, na ya pili ikiifuata mtutu unavimba.

Sasa mwendo. CCI Standard ya greni 40 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) inatoka kwa futi 1,070 kwa sekunde, chini ya mwendo wa sauti. Mini-Mag ya greni 40 ni 1,235. Wengi wanadhani yenye kasi haipeperushwi na upepo. Ni kinyume: ile ya kasi inapovuka mwendo wa sauti kurudi chini inapungua kasi upesi, na upepo wa pembeni unaisukuma zaidi. Kwa shabaha ya yadi 50, ya polepole inashinda karibu kila mara. Quiet-22 ya futi 710 haisumbui majirani, ila nguvu yake haitoshi kurudisha bolti ya 10/22 wala Marlin; utaiendesha kwa mkono kila risasi. Kwenye Mark II haina tatizo lolote.

Ushauri wa pesa: usinunue 500 za aina moja. Nunua maboksi matano ya 50, aina tano. Kila ukibadilisha aina, piga 10 hadi 15 kwanza bila kuhesabu, kwa sababu nta na madini ya risasi ya ile ya zamani bado imepaka ndani ya mtutu. Kisha makundi mawili ya tano tano kwa yadi 50. Yenye kundi dogo ndiyo unanunua nyingi. Bunduki mbili za modeli moja, zilizotoka kiwandani siku moja, zinaweza kupenda risasi tofauti.

Kwa sungura, kichwa cha shimo (hollow point, yenye tundu puani) cha greni 36 au 38 kama unapiga kifuani. Kama unapiga kichwani, greni 40 ya kawaida inatosha na nyama inabaki safi. Walioko California wakumbuke: tangu Julai 2019 kuwinda mnyama yeyote kwa risasi ya madini ya risasi ni marufuku, lazima isiyo nayo, kama Copper-22 ya greni 21. Jaribuni kabla ya msimu, maana mitutu mingi inaikataa.

Kivu_Louisville

Naona hakuna aliyemgusa Marlin 60. Ilianza 1960 na zimetengenezwa zaidi ya milioni 11, ndiyo maana kila duka la bunduki za mkono wa pili lina moja kwenye kona. Remington ilipofilisika 2020, Ruger ndiye aliyeinunua Marlin, kwa hiyo hii tunazungumzia iliyotumika.

Kaka, ukiishika dukani, fanya hivi. Kwanza hakikisha ni tupu: vuta bomba la ndani la risasi, fungua bolti, ingiza kidole kwenye chemba. Angalia mdomo wa mtutu kwa tochi. Ukiona mkwaruzo upande mmoja, mwenye nayo alikuwa akisafisha kwa fimbo ya chuma. Viringisha bomba la ndani juu ya kaunta: likidunda, limebonyea, na risasi zitakwama. Kisha mwombe muuzaji atoe skrubu mbili za kitako. Nyuma ya mtambo kuna kipande cha plastiki kinachopokea pigo la bolti. Hicho hupasuka kwa uzee, vipande vinaingia kwenye mtambo na bolti inaanza kugonga chuma kwa chuma. Kikiwa kimepasuka bei ishuke. Kipande kipya ni dola chache, kazi ni ya nusu saa.

Usiisafishe kwa kumwaga mafuta. Baruti isiyoungua inachanganyika na mafuta inakuwa ugali, na Marlin ikishiba ugali huo haitupi ganda nje. Futa iwe karibu kavu.

Mtutu wake wenye mifuo 16 miembamba unapiga vizuri kuliko 10/22 ya kawaida. Nimesema.

MakopoTu

Umesema, na nimekusamehe. Kujaza bomba la risasi 14 moja moja kidole kikiwa na baridi ya Novemba, hilo hukulisema.

Mlengaji_Ohio

Asanteni wakuu. Maswali matatu: Henry je? .17 HMR kuna mtu ananishawishi. Na kwa Waislamu waliomo, mnyama aliyepigwa risasi mnafanyaje?

BintiSeyyid_Houston

Henry, ya kukokwa kwa wenzo, ni laini na ya raha, inaingiza 15 za .22 LR, na inameza pia .22 Short na Long. Kwa makopo sijui ya kufurahisha zaidi. Kwa kuwinda ni sawa, ila kumbuka bomba hujazwa kutokea mbele, usiweke uso wala mkono juu ya mdomo wa mtutu. Bei yake mpya inakaribia kuimaliza bajeti yako kabla ya darubini.

.17 HMR iliingia 2002: greni 17 kwa futi 2,550. Kwa panya wa ardhini yadi 150, sawa. Kindi kwa yadi 30, utabaki na mkia. Na kila risasi ni bei ya .22 tatu au zaidi.

La tatu: wanaojuzisha wanataka Bismillahi kabla ya kufyatua, na ukimkuta bado hai umchinje, kisu kiwe kiunoni. Kindi wana mjadala wao, sungura kwa Washia haliwi. Muulize sheikh wako, si watu wa darubini.

Usafi lakini unahusu wote: vaa glavu unapomchuna sungura, kwa sababu ya tularemia, ugonjwa unaoambukizwa na sungura, na nyama iive kabisa.

Nakuru_Msomaji

Huku Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, mimi nasoma tu kama mtu anayeangalia menyu ya hoteli. Swali: darubini ya bunduki kubwa inafaa kwa .22?

Fundi_Mitutu

Inafaa kwa yadi 100, kwa 50 inadanganya. Darubini za bunduki kubwa zimepangwa kwa yadi 100 au zaidi, kwa hiyo kwa 50 ukisogeza jicho kidogo msalaba unahama juu ya shabaha. Tafuta iliyoandikwa kwa ajili ya rimfire (risasi za ukingo kama .22), iliyopangwa yadi 50 au 60. Mara 4 isiyobadilika, au 2 hadi 7. Mara 9 kwa kindi anayeruka matawi inakupotezea muda kumtafuta.

Kivu_Louisville

Jambo la makaratasi, maana kuna ndugu wageni hapa. Ukinunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni, unajaza Fomu 4473 na jina lako linachunguzwa kupitia NICS, mfumo wa shirikisho wa kukagua wanunuzi. Kwa sheria ya shirikisho bunduki ndefu ni kuanzia miaka 18. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Aliye kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, amezuiwa isipokuwa ana msamaha, na mmoja wa misamaha hiyo ni leseni halali ya kuwinda. Majimbo yanaongeza yao; Illinois lazima uwe na kadi ya FOID, ya mmiliki wa silaha, kwanza. Na shemeji akikuomba umnunulie kwa jina lako kwa pesa yake, mkatalie hata akinuna. Kutia saini kwamba ni yako wakati siyo ni kosa la shirikisho.

Kozi ya mwindaji fanya mapema. Texas inatakiwa kwa kila aliyezaliwa tangu Septemba 2, 1971. Minnesota waliozaliwa baada ya 1979. Nafasi hujaa kabla ya msimu.

Mlengaji_Ohio

Nimeamua: Mark II ya mtutu mwembamba, siyo FV ile ya mtutu mzito, na darubini ya mara 4. Nikishaifunga, nianzie wapi?

Fundi_Mitutu

Kaza skrubu za kitako kwa inchi-pauni 15 hadi 20, usizidishe, plastiki inabonyea. Ukitaka kufanya mazoezi ya kufyatua tupu nyumbani, ingiza kwenye chemba ile plagi ya njano ya plastiki ya kufungia skrubu ukutani, namba 4 hadi 6. Pini igonge plastiki badala ya ukingo wa chemba. Ibadilishe kila baada ya mara chache.

Uwanjani anza yadi 25, karatasi kubwa, ubao wa nyuma ukiwa na kilima cha udongo. Risasi hii ndogo inaruka zaidi ya kilomita 1.5, na ikigonga jiwe au maji inadunda. Ukipata katikati, nenda yadi 50. Piga tano, pima kutoka katikati ya kundi, siyo kutoka kwa risasi nzuri uliyoipenda. Darubini ya robo dakika (dakika ya pembe, siyo ya saa) husogeza milimita 3.3 kwa kliki kwa yadi 50. Kundi likiwa sentimita 5 chini, kliki 15 kwenda juu, kisha tano nyingine.

Ukishapata sifuri yadi 50, yaani risasi inapiga pale msalaba ulipo, yadi 75 itakuwa chini sentimita 5 hivi, na yadi 100 chini 15 hadi 18. Andika kwenye kipande cha plasta, ubandike ubavuni mwa kitako. Kindi wa yadi 75 mwache asogee.