Mjadala: Filamu za virusi kugeuzwa silaha zinatuzindua, au zinatujaza shaka?

Wakuu, naomba hili tulijadili kwa utulivu. Juzi kibanda umiza cha mtaani kwetu walionesha Outbreak, ile ya mwaka 1995 ya Dustin Hoffman, imetafsiriwa na DJ. Kwa ambao hawajaiona: inaanzia Zaire (Kongo ya leo) mwaka 1967. Wanajeshi wa Marekani wanakuta kambi imejaa wagonjwa wa virusi vipya, wanachukua damu, kisha kambi yote inalipuliwa kwa bomu ili virusi vibaki siri yao, vije kuwa silaha. Miaka mingi baadaye tumbili mmoja anafikishwa Marekani na mji unaanza kufa. Steringi anamsaka tumbili, dawa inapatikana, kwisha.

Taa zilipowashwa kijana mmoja akasema, "Si mmeona? Ebola ndivyo ilivyoletwa." Watu wakaitikia. Hakuna aliyebisha. Mimi pia nilinyamaza, na linaniuma mpaka leo.

Msimamo wangu: filamu hizi zinatuumiza, na zinatuumiza sisi kuliko wanaozitengeneza.

Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, ulianza Agosti 2018 ukaisha Juni 2020. Waliougua 3,470, waliofariki 2,287. Chanjo ilikuwepo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Kilichopungua ni imani. Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa katika miji ya huko ya Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa mojawapo ya sababu, na wengi wakaona ugonjwa umeletwa ili wanyimwe kura. Vituo vya matibabu vikachomwa moto. Aprili 2019 Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo, akiwa kazini.

Kuna watakaosema shaka ya Kivu imezaliwa na vita na siasa, sinema haihusiki. Kwa sehemu kubwa nakubali. Watu wamechinjwa miaka nenda rudi bila mtu kuwajali, halafu Ebola ikaleta misafara ya magari. Wana haki ya kuuliza. Ila shaka peke yake haina sura. Filamu inaipa sura: jenerali, maabara, chupa ya virusi. Aliyeiona hasemi tena "nahisi", anasema "nimeona".

Wengine watasema ugaidi wa kutumia vijidudu vya magonjwa upo kweli. Upo. Mwaka 2001 Marekani, barua zenye unga wa kimeta ziliua watu 5 na kuwaambukiza wengine 17, na FBI, wapelelezi wa huko, ilihitimisha kwamba mhusika alikuwa mwanasayansi wa maabara ya jeshi lao wenyewe, aliyefariki kabla ya kushtakiwa. Kwa hiyo simwiti mjinga anayeogopa maabara. Lakini angalieni nani aliyegundua shambulio lile. Ni daktari wa Florida, Larry Bush, aliyetazama kwenye hadubini majimaji ya uti wa mgongo wa mgonjwa, akaona bakteria wa umbo asilolitegemea, akatoa taarifa. Hakukuwa na helikopta wala kufukuzana. Mtu wa namna hiyo ndiye tunayemkimbia anapobisha hodi na sanduku la chanjo.

Na hapa nina neno na maDJ wetu, kazi yao naipenda tangu utotoni. Juzi sehemu za maabara zilirukwa karibu zote. Namna dawa ilivyotokana na kinga ya yule tumbili, kimya. Helikopta zilipotokea, DJ akapaza sauti kama anatangaza mpira. Watazamaji wengi pale hawajui Kiingereza. Wanachokijua kuhusu filamu ile ni alichowaambia yeye. Sitaki filamu ipigwe marufuku. Nataka sehemu ya maabara nayo itafsiriwe.

Ndugu wa Beni na Butembo, nyie mliyaona kwa macho. Timu za chanjo zilipofika, watu walikuwa wanasema nini hasa, na maneno yale waliyatoa wapi?