Mwisho wa Battlestar Galactica kuletwa Tanzania, wadau mliupokeaje?

MlinziWaMnara:
Wakuu salama? Nimemaliza Battlestar Galactica, sirizi ya masalia ya binadamu wanaotangatanga angani wakiwindwa na mashine walizozitengeneza wenyewe, ile mpya ya Ronald D. Moore iliyoanza na ile muvi ya utangulizi 2003 ikaisha Machi 2009, kwaiyo kama hujafika mwisho ishia hapa manake naenda kumwaga kila kitu.

Misimu minne nimekaa na hawa watu mpaka nikawapenda, Adama mkuu wa meli yao ya kivita Galactica, Rais Roslin, hata yule mwanasayansi Baltar na unafiki wake, alafu episodi ya mwisho wanafika duniani kwetu, miaka laki moja na nusu iliyopita, wanashuka mbugani na wanakuta kuna binadamu tayari wanaishi. Baadae tunapelekwa New York ya leo, tunaambiwa yule mtoto waliyekuja naye, Hera, ndo bibi wa watu wote duniani na aliishi sehemu ambayo sasa ni Tanzania. Nikarudisha nyuma nisikilize tena. Tanzania kabisa!

Nilifurahi, sikatai, ila furaha yenyewe haikukaa. Mnaikumbuka ile episodi ya kwanza, Wasailoni, yaani zile mashine, wanawaibukia kila baada ya dakika 33, siku ya tano hiyo hakuna aliyelala, na Rais Roslin ana ubao mweupe ulioandikwa idadi ya binadamu waliobaki, elfu 50 hivi. Watu wakipotea anafuta anaandika upya. Mwishoni anapewa habari kuna mtoto kazaliwa kwenye meli mojawapo, anachukua kalamu mwenyewe anaongeza mmoja. Hapo ndo sirizi ilinishika, kwamba kwa hawa jamaa mtu mmoja ana uzito wake. Sasa wale waliokutwa Tanzania mbona hakuna aliyewahesabu? Wanachunguliwa kwa darubini kutoka kilimani, hawana jina, hawana sura, na inasemwa hata lugha hawana. Ubaoni hawamo. Nyie mliichukuliaje?

kasuku_wa_tanga:
Mkuu umenigusa penyewe. Na hiyo habari ya kukosa lugha ndo imenikera zaidi manake haikuwa lazima. Mwaka 2005, yaani miaka minne kabla ya hiyo episodi, wanasayansi walishatangaza kwamba mabaki ya Omo Kibish kule Ethiopia yana umri wa kama miaka laki 1 na elfu 95, na wale ni watu kama sisi, homo sapiens. Kwaiyo hao waliokuwa mbugani wakati Galactica inafika walikuwa watu kamili kwa maumbile. Ukishawaandika kama viumbe wasioongea umewapa wageni kazi ya kuja kuwafundisha, na sisi huku hiyo hadithi ya kuja kufundishwa tumeshaisikia sana tangu enzi za wamisionari na wakoloni. Angekuwepo hata mmoja tu anayezungumza, mama mmoja akamwangalia Adama usoni akamwambia neno asilolielewa, mwisho wote ungebadilika.

Msafiri wa Kale:
Naomba nitofautiane na nyie kwa heshima. Mimi naona mnaisoma kinyume. Wakoloni walikuja na bunduki na ramani, hawa wamefika wakaacha vyote. Lee, mtoto wa Adama, ndo anakataa wasijenge mji, anasema sayansi yetu imekuwa ikikimbia mbele na roho zikabaki nyuma, tukijenga tena tutatengeneza tena mashine zitakazotuua. Meli zote mwenzao Anders anazipeleka kwenye jua. Unajua kuna wageni wangapi kwenye historia waliofika mahali wakachoma njia ya kurudi na nguvu zao zote kwa hiari? Sijawahi kuwasikia.

Na kuna kile kipande cha Roslin, kansa imemmaliza, Adama anamzungusha kwenye raptor, kile chombo chao kidogo cha kurukia, anamwonyesha wanyama na makundi ya ndege chini, anashangaa uhai ulivyojaa, anakata roho hapohapo kwenye kiti na mzee anamvisha pete yake. Nimeangalia saifai nyingi tangu enzi za kanda za VHS na sijaona iliyoipa ardhi yetu heshima kama ile. Hata kama walirekodia Kanada.

DaktariMtarajiwa:
Msafiri nakuheshimu mkuu wangu ila kwa hilo la kutupa vyote siwezi kukaa kimya. Watu kama elfu 38 wote wakubali?? Sirizi hii hii ambayo watu waligombania maji, mafuta, kura, wakafanya mpaka mapinduzi ya kijeshi kwenye msimu wa nne, leo wanaambiwa dawa zote na vifaa vya upasuaji vinaenda kuungua na hakuna mama hata mmoja mwenye mtoto mgonjwa anayesimama kukataa. Hata yule wakili Lampkin mwenyewe anasema ameshangaa walivyokubali kirahisi, na Adama anamjibu kwa sentensi moja basi imeisha. Wajawazito je? Msimu wa kwanza wangelijadili hilo suala episodi nzima, na Roslin na Adama wangenuniana kabisa.

MlinziWaMnara:
@Msafiri hicho kipande cha Roslin hata mi kilinitoa machozi na sikipingi. Tatizo langu ni kwamba heshima imeenda kwa ardhi na wanyama, wenyeji wamebaki kama sehemu ya mandhari. Na aliyeandika ni mtu anayejua kufanya vizuri! Moore huyuhuyu alikuwa mwandishi wa Deep Space Nine, ile sirizi ya Star Trek, kule kapteni ni Sisko, mtu mweusi, baba mwenye mtoto, na hadithi ilimpa utu wake wote misimu saba. Ndo maana nategemea zaidi kutoka kwake.

kasuku_wa_tanga:
Na mwaka huohuo wa 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitoa Pumzi, dakika kama 20 tu. Asha anatunza makumbusho kwenye mji uliofungwa baada ya vita vya maji, analetewa udongo usio na sumu anatoroka kwenda kupanda mche. Afrika Mashariki ileile ila huku mwenyeji ndo anayeamua. Itafuteni muiweke karibu na ile episodi ya mwisho, mtaelewa tunachokisema.

neema_k:
Samahani wakubwa nimesoma uzi wote na spoila zake ila bado nataka kuiangalia. Nianzie ile ya zamani ya 1978 au hii?

Msafiri wa Kale:
Hii dada. Ya 1978 utaifata ukitaka kuona yule rubani Starbuck alipokuwa mwanaume, manake kwenye hii ni mwanamke. Anza na ile muvi ya 2003 usiiruke, kuna watu wanaingia moja kwa moja msimu wa kwanza alafu wanalalamika hawamwelewi Baltar. Ukifika New Caprica, ile sayari wanayohamia, mwanzo wa msimu wa tatu, rudi hapa utuambie, manake pale binadamu ndo wanakuwa wanaotawaliwa na Wasailoni na wanaanza kujilipua, na mimi na MlinziWaMnara najua hata hapo hatutakubaliana.

neema_k:
Sawa, naanza na ya 2003 wikiendi hii.