Naomba ushauri: riwaya ya upelelezi, Jinja 1926, mpelelezi ni fundi cherehani

Kalamu_Busoga
Habari zenu wakubwa. Naandika riwaya ya upelelezi ya ule upole wake: damu haionekani, mji mdogo, watu wote wanajuana. Mpelelezi ni mjane anayeshona gomesi, lile vazi refu la wanawake wa kwetu Uganda. Karani wa kiwanda cha kuchambua pamba anakunywa chai yenye aseniki, anaanguka palepale. Tatizo ni mawili. Wanaonisomea wanamjua muuaji kabla ya nusu ya kitabu, na sioni fundi wa nguo atawahoji watu kwa kisingizio gani ilhali polisi wapo. Nisaidieni, jamani.

Msomaji_Bombo
Dada, anzia kwenye sumu. Aseniki haiangushi mtu palepale. Tumbo huanza kukata baada ya nusu saa au saa kadhaa, kisha kutapika na kuhara, na kifo huchukua saa nyingi, hata siku. Ukirekebisha hapo, shida zako zote mbili zinapungua. Kwanza, ugonjwa huo unafanana na kipindupindu, hivyo daktari anaandika tumbo, polisi wanafunga faili, na aliyebaki na shaka ni mjane wako peke yake. Pili, chai inaacha kuwa ushahidi. Sasa hivi muuaji anajulikana kwa sababu aliyemimina chai ni mmoja; mwongezee marehemu kifungua kinywa kwa mtu mwingine na chakula cha mchana kwa wa tatu. Aseniki yenyewe itoke kwenye dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Kopo lionekane sura ya pili, kwenye stoo ambayo watu wanne wana ufunguo wake.

Uzi_na_Sindano
Cherehani ndiyo hazina yako, nyabo, usiitafutie kisingizio kingine. Mteja anasimama akipimwa, mikono juu, na mdomo unafunguka. Mke wa mwenye kiwanda, mama wa karani na muuza samaki wote wanapita kwake.

Na dalili ya kumfichua muuaji itoke kwenye nguo. Gomesi ina vifungo viwili upande wa kushoto wa shingo na mshipi unaofungwa chini ya kiuno. Kuficha dalili, itie katikati ya vitu vitatu, kisha mambo yaendelee mbio: "Asubuhi alipokea gomesi tatu: moja pindo limefumuka, ya pili kifungo kimeshonewa uzi wa gunia, ya tatu mshipi umechujuka. Mara mlango ukagongwa." Msomaji ataruka uzi wa gunia, na uzi huo hutoka kwenye kiwanda cha pamba. Ukiuweka mwishoni mwa orodha umeuza siri, kwa sababu jicho hutua mwishoni.

Watuhumiwa watano au sita wanatosha. Kila mmoja awe na uongo wake, hata asiye na hatia: anaficha deni, mchumba, au pamba iliyopunjwa kwenye mizani. Na muuaji azungumze na mjane mapema, akimsaidia jambo la kweli. Ukimleta sura ya kumi na tano, msomaji ataona ameibiwa.

Mzee_wa_Gati
Angalia tarehe. Mwaka 1926 hakuna treni ya kwenda Kampala. Ilifika 1931, na kabla ya hapo Nile pale Jinja ilivukwa kwa kivuko. Reli ya Busoga ya mwaka 1912 ilitoka Jinja hadi Namasagali tu. Mgeni wa Mombasa anapanda treni hadi Kisumu, halafu meli. Maporomoko ya Ripon bado yananguruma, kwa kuwa bwawa la Owen Falls, lililoyazamisha, lilifunguliwa 1954. Fedha ni shilingi, rupia ilishaondoka. Meli hiyo itumie: anayetaka kukimbia lazima aingoje gatini, na mji wote unamwona.

Kalamu_Busoga
Asanteni sana. Kwa hiyo nipange upya kutoka wapi?

Msomaji_Bombo
Kutoka kwa muuaji. Chukua karatasi, andika siku yake ya mauaji saa kwa saa, tangu alfajiri hadi usiku: yuko wapi, nani kamwona, kagusa nini. Karatasi hiyo haiingii kitabuni. Kisha chagua vitu vitano alivyoviacha nyuma na uvigawe: vitatu kabla ya nusu ya kitabu, viwili baadaye. Mwisho, soma sura ya ufichuzi peke yake. Kila anachokitaja mjane pale, weka kidole kwenye ukurasa ambako msomaji alishakiona. Kisipokuwapo, rudi ukakipande.