Mrejesho: Chakula cha sikukuu na wenzangu wa kazini ugenini

Wakuu, ni mimi niliyeuliza namna ya kuwakaribisha wafanyakazi wenzangu, wasiozijua kabisa mila zetu, kwenye chakula cha sikukuu huku ughaibuni. Asanteni mno! Nilifuata ushauri wa kuuliza mapema nani hali nini, na kuweka kikaratasi cha vilivyomo mbele ya kila sufuria. Hicho ndicho kilichosaidia zaidi: mmoja mwenye mzio wa karanga alikisoma mara mbili, kisha akapakua bila wasiwasi. Pilipili niliitenga pembeni. Kilichogoma ni muda. Niliwaita saa ya mapumziko ya mchana, na wengine walirudi kazini wameacha sahani nusu, iliniuma. Waliobaki waliomba kufungiwa chakula cha kubeba. Mwakani nawaalika nyumbani, jioni.