Mtu ana pampu kwenye boksi, anakupigia honi na kukuacha Kitonga na puncha. Halafu ndiye kiongozi wa msafara!

Wakuu, naandika koti la pikipiki likiwa bado mwilini, vumbi la Iringa limejaa masikioni. Nimeingia Kimara saa mbili hii usiku na silali kabla sijalitoa hili moyoni.

Yule jamaa. Jina silitaji, mnamjua. Kila safari yeye ndiye kiongozi, yeye ndiye anakusanya michango, yeye ndiye anabeba pampu, spana na viraka vya kundi zima, eti vifaa vikae sehemu moja. Tukampa.

Tumetoka Dar Ijumaa alfajiri, pikipiki sita. Morogoro tukanywa chai, Mikumi tukapita taratibu maana ile ni hifadhi, twiga wako pembeni ya lami, nilikuwa na furaha kama mtoto siku ya Idi. Ruaha Mbuyuni tukapumzika kwenye vitunguu. Pale akasema kwa mdomo wake: "Kitonga hakuna kuachana." Hata akina mama wa vitunguu walimsikia.

Sasa Kitonga mnaijua. Huku mwamba, huku bonde, katikati malori ya Zambia yanapanda kwa mwendo wa jongoo, na yanayoshuka yananuka breki. Wenzangu wako mbele, jamaa kabaki chini anapiga picha. Tairi langu la nyuma likaanza kucheza. Puncha. Nikasogea pembeni, nikapunga mkono. Huyo anakuja. Akaniona. Narudia: AKANIONA. Akapiga honi, pip pip, akanyanyua kidole gumba, akapita. Na pampu yetu kwenye boksi lake!

Nimeisukuma Boxer ile mpaka soli za viatu zikaisha. Ningepanda Kilimanjaro mara mbili nisingechoka vile. Konokono wamenipita pale. Mtandao ulipokuja kushika, giza limeshaingia, cha kwanza kuona kwenye kundi ni picha: jamaa yuko Iringa mjini, mbele yake sahani ya mishkaki na ndizi, kaandika: "Wanaume WOTE tumefika salama."

Wote! Mimi niko Kitonga nimeng'ata simu mdomoni ndiyo tochi yangu! Wote! Kwa hiyo mimi nani, mzigo ulioanguka njiani? Aliyeniokoa ni utingo wa lori, mtu hanijui, kashuka na pampu na kiraka, hela kakataa. Hanijui! Na huyu niliyesoma naye, ambaye harusi yake nimeichangia, ananipigia pip pip.

Nafika Iringa saa nne usiku, baridi inakata masikio, ananiambia: "Nilidhani unakojoa." MTU ANAKOJOA HUKU ANAPUNGA MKONO?

Na ile picha hajaifuta. Mpaka sasa ina makopa 11. "Wote tumefika."

#2 Pole sana mkuu. Nimeshamjua toka mstari wa tatu. Mimi aliniacha Chalinze, kituo cha mafuta, niko chooni.

#3 Mtu mzima unapanda Kitonga huna pampu yako wala tyubu ya akiba? Hata mama yako mzazi angekupita.

#4 Swali, hicho kidole gumba kilikuwa cha mkono gani? Maana kulia ndiko kunakovutwa mafuta, mlimani huwezi kuachia.

#5 (mleta uzi) Cha kushoto! Sasa kidole kinahusu nini? Hoja ni "WOTE tumefika"!

#6 Nyie mnalilia Kitonga, njooni Lushoto. Kutoka Mombo ni kilomita zaidi ya 30 za kona tupu, ukikutana na Koasta karibu na Soni unajibana ukutani kama mjusi. Mwaka jana rafiki yangu kaazima helmeti yangu pale Mombo, "mpaka Soni tu". Nimekuja kuiona Tanga mjini, kichwani kwa shemeji yake.

#7 Iringa mnaita baridi ile? Nendeni Njombe mwezi wa saba. Vidole havisikii klachi, unaendesha kwa imani.

#8 Mimi kilio changu ni michango. Sisi tulitoa elfu 50 kila mtu twende Morogoro tupande Uluguru, mvua ikanyesha, safari ikafa. Hela mpaka leo iko "kwenye mchakato".

#9 Wa mchakato ndiye huyu huyu wa pampu?

#10 Hapana, wa kwetu ana ndevu.

#11 Wa helmeti naye ana ndevu. Mkuu #6, huyo shemeji anakaa Chumbageni?

#12 (mleta uzi) Jamani mbona mmehama? Ile picha bado ipo kwenye kundi, nimetoka kuitazama sasa hivi, makopa yamefika 12!

#13 Tulia kwanza mkuu. Umesema mlisimama Ruaha Mbuyuni, gunia la vitunguu linakwenda bei gani? Jumamosi napita huko na Fuso.

#14 Uliza kwanza ni gunia la kawaida au lumbesa, lile la kujazwa kupita kiasi. Na ukinunua mwaga chini ukague, vikubwa vinapangwa juu.

#15 Kweli kabisa. Mimi mwezi wa tano nilifungua gunia Ilala sokoni, chini ni vidogo kama gololi. Yule mama namkumbuka sura...